Entanda ya Marehemu

Ulikuwa Mwaka wa Bikira Maria, ule ulioanza katikati ya themanini na saba, na kila kigango cha Karagwe kilikuwa kinatafuta mahali pa kuhiji. Waliokosa usafiri walikwenda parokiani kwa miguu, wakarudi jioni. Kigango cha Nkwenda kilikuwa na lori. Lilikuwa la Mzee Egbert, mfanyabiashara wa mahindi na maharage, na mke wake, Ma Adelgunda, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa akina mama. Basi Jumapili moja ibada ilipokwisha, watu wakaambiwa wasitoke.

"Tunakwenda Rwazi," Ma Adelgunda akasema, amesimama mbele kabisa, kitenge chake kimepigwa pasi hadi kinakata. "Mimi ni mtoto wa Muleba, mlima ule nimeuchezea. Lori litatushusha chini, kisha ni miguu tu. Njia inapanda ubavuni mwa mlima. Mkono huu mwamba, mkono huu ziwa. Mnayajua maziwa yetu ya huku? Haya ni madimbwi, waitu, jamani. Kule ukisimama unaliona Ziwa Viktoria lote limelala chini yako, linametameta mpaka linapokutana na mbingu, na mitumbwi kama mbegu za maboga. Juu kabisa kuna msalaba. Tutalala shuleni, kesho yake tutapanda tukisali, kisha tunarudi."

Watu wakaguna kwa raha. Wengi wao ziwa lile walikuwa wanalisikia redioni tu.

"Na mtu akitazama chini akashikwa na kizunguzungu?" akauliza Jovitha, Mnyambo mmoja mcheshi ambaye hata kwenye mazishi ilibidi akae mbali na waimbaji.

"Unatazama mgongo wa aliye mbele yako."

"Aliye mbele yangu akiwa Katekista, nitatazama kiraka njia nzima!"

Kicheko kikalipuka. Katekista Methodius akajifunika suruali kwa kitabu cha nyimbo, akacheka na yeye, lakini masikio yake yalikuwa yamebadilika rangi.

Nyuma, karibu na mlango, alikaa mama mmoja aliyekuwa hacheki. Watu walimwita Mama Leonidas, ingawa Leonidas mwenyewe alikuwa ameshakuwa mtu mzima na kwenda kukata miwa. Jina la nyumbani lilikuwa Nyirabahire. Wazazi wake walivuka Mto Kagera wakitokea Rwanda akiwa bado anabebwa mgongoni, wakalima mashamba ya watu hadi wakapata kibanja chao, na yeye akasoma mpaka darasa la nne, akaolewa na kibarua mwenzao, Twagirayezu. Sasa alikuwa mjane. Alikuwa mtu wa kusali na wa kutazama, na maneno aliyoyasema kwa mwezi Jovitha aliyamaliza kabla ya chai.

Hakucheka kwa sababu njia ile ya Rwazi alikuwa anaijua. Miguu yake haijawahi kuikanyaga, lakini aliijua. Aliyeichimba ni mume wake.

Miaka sita nyuma mapadre wa kule walitafuta vibarua wa kuchonga njia ya mahujaji ubavuni mwa mlima. Twagirayezu alikwenda na jembe lake. Krismasi aliporudi alimsimulia mkewe njia yote, jiwe kwa jiwe: hapa kuna chemchemi inayotoka mwambani, maji yake yanauma meno, ukiipita, njia inakuwa nyembamba, upepo wa ziwani unakusukuma kama mtu, halafu kona, na katika kona hiyo uzuri wa kutazama unamfanya mtu asahau njaa. "Nitakupeleka," alisema. "Njia ikiisha nitakupeleka, ukae pale konani, ule entanda yako huku unatazama dunia."

Entanda ndicho chakula cha safari cha nchi hii, kinachofungwa kwenye majani ya mgomba.

Baada ya Pasaka akarudi Mbonimpa, mwenzake wa kazi, peke yake, ameshika mpini mtupu wa jembe. Jiwe lilikuwa limeporomoka. Kwa joto la siku zile, na kwa umbali ule, wenzake walimzika palepale konani, upande wa ziwa, wakampangia mawe juu. "Marundo ya mawe ni mengi njia nzima, shemeji," Mbonimpa alimwambia, hathubutu kumtazama usoni. "Sisi wenyewe tuliyaacha tulipokuwa tunachimba, na hata pale konani yako kadhaa. Lakini la kwake utalijua. Tuliweka chuma cha jembe lake juu yake. Mpini nimekuletea, ili usije ukasema tumekudanganya."

Tangu siku hiyo mpini ulisimama nyuma ya mlango wa Nyirabahire. Hakuutia chuma kingine, na hakuna aliyeruhusiwa kuugusa. Hakuwa na nauli, watoto walikuwa wadogo, na kule hakuwa na ndugu wa kumfungulia mlango. Akasubiri. Katika kila rozari aliomba jambo moja tu: afike, apige magoti pale, aseme kwa mdomo wake, "Nimekuja." Mtu asiyeaga kaburi hajamaliza kuomboleza. Watu walimwona amevua kitambaa cheusi wakadhani yamekwisha.

Na sasa Ma Adelgunda alikuwa anapita na kidole chake juu ya vichwa vya watu: wewe unakwenda, wewe unakwenda, wewe una mimba utabaki. Kidole kikafika mlangoni.

"Mama Leonidas, na wewe? Utatembea?"

Moyo wake uliruka. Lakini mdomo ukajibu kama ulivyofundishwa.

"Mimi nani, Ma Adelgunda? Waende wenye miguu yao."

Akainamisha macho, akasubiri kuulizwa mara ya pili.

Ndivyo alivyolelewa. Nyumbani kwa mama yake, mtu mwenye heshima hakurupukii kitu anachopewa. Ukikaribishwa chakula unasema umeshiba. Mwenye nyumba anasema hebu onja basi. Hapo ndipo unanawa mikono. Anayekubali mara ya kwanza ameonyesha njaa yake, na anayeuliza mara moja tu ameonyesha kwamba hakutaka kutoa. Nkwenda nzima walijua watu wa asili ya Rwanda wako hivyo. Jovitha alikuwa anamuuliza mara tatu, kwa utani. Ma Adelgunda mwenyewe alikuwa anajua, maana alipotaka kuwauzia kanga dukani kwake aliwabembeleza mpaka jua linapinda.

"Haya," Ma Adelgunda akasema. "Mama Leonidas haendi. Tusonge mbele, sare. Nataka nguo nyeupe na utepe wa buluu kiunoni, sitaki kuona mtu na kandambili."

Nyirabahire akabaki ameinama. Macho yalikuwa kwenye sakafu ya udongo, lakini masikio yalisimama, yanasubiri. Walipanga sare. Walipanga nani atabeba maji na nani ataongoza fumbo lipi la rozari. Walipanga wimbo wa kupandia mlima na wimbo wa kushukia. Swali halikurudi.

Njiani Jovitha alimshika kiwiko. "Wewe mwanamke! Mume wako si amelala kule?"

"Yuko kule."

"Sasa hiyo adabu yako ilikuwa ya nini? Ungesema ndiyo!"

"Ningesema. Alikuwa hajauliza."

"Ameuliza, nimesikia kwa masikio haya mawili."

"Ameuliza mara moja."

Jovitha akapiga makofi ya kukata tamaa. "Kesho asubuhi unakwenda dukani kwake. Usiposema, nitakwenda kusema mimi, na unajua mimi nikisema soko zima linajua."

Asubuhi Nyirabahire akaenda. Ma Adelgunda alikuwa anapima chumvi. Nyirabahire akasubiri wateja waishe, akamsalimu tena kana kwamba ndiyo kwanza anaingia, akasema yote: njia, jiwe, kona baada ya chemchemi, chuma cha jembe. Hakuwa amewahi kusema maneno mengi namna ile mbele ya kaunta.

Ma Adelgunda alisikiliza huku anafuta mizani. "Pole sana, Mama Leonidas. Lakini si ulikataa mbele ya watu wote? Nafasi yako nimempa mdogo wangu, Kokushubira. Anatoka Bukoba kwa ajili hiyo, ameshashona na nguo."

"Nitasimama, Ma Adelgunda. Hata nyuma na magunia."

"Lori likizidi watu askari watatusumbua barabarani, na lawama itakuwa ya Mzee Egbert. Halafu hii ni hija, waitu. Si matanga." Kisha akalainisha sauti, kama mtu anayeongeza kijiko kimoja juu ya kipimo. "Hebu nikwambie la kufanya. Wewe tufungie entanda. Hakuna mwanamke Nkwenda anayefunga kama wewe, chakula kinalala na hakichachi. Nami nikifika kwenye hayo mawe nitawasimamisha watu wote, Katekista atasali, tutamwimbia mume wako. Ee? Ni kama umekwenda."

Akajigonga kifuani kwa kiganja, mara mbili, kama anayeapa.

Nyirabahire aliutazama mkono ule. Alikuwa na desturi ya kutazama mikono ya watu, kwa kuwa nyuso hujua kujipanga. Mkono uliporudi kwenye mizani ulikuwa umeshasahau. Lakini afanye nini? Anayezama hachagui kamba. Alikwenda nyumbani, akakata majani ya mgomba.

Alipika kwa moyo wote. Watu waliokuja kumsaidia walishangaa. Alibabua majani motoni mpaka yakalegea na kung'aa, akaponda maharage na viazi, akachoma ndizi, akatwanga karanga, akafunga furushi moja moja, kila msafiri na lake, akakaza kwa kamba za mgomba. La mwisho alilifunga peke yake, wenzake wakiwa wameshatoka. Hilo alilijaza karanga kuliko mengine. Badala ya kamba alitumia kipande cha kile kitambaa cheusi alichovaa kichwani mwaka mzima wa msiba.

Asubuhi ya safari alimkabidhi Ma Adelgunda kikapu mkononi, watu wakipandana loriini.

"Hili lenye kitambaa cheusi ni la Twagirayezu. Liwekwe juu ya mawe yake."

Ma Adelgunda akashusha sauti. "Chakula juu ya kaburi? Sisi Wakristo, Mama Leonidas?"

"Watakaokula ni ndege. Najua wafu hawali. Aliniahidi nitakula entanda pale pamoja naye, basi. Yangu nitaila hapa, saa ile ile mtakayokuwa mnapanda."

"Haya, haya. Nimesikia." Na kikapu kikapita juu ya vichwa, kikaingia, lori likawaka, wakaanza wimbo wa Bikira Maria. Jovitha alikuwa amekaa ukingoni na nguo yake nyeupe, na ndiye peke yake aliyekuwa haimbi. Alimpungia mkono mpaka vumbi likamfunika.

Kesho yake, alipokisia kwamba wako mlimani, Nyirabahire alikaa kizingitini na furushi lake, mpini umelala mapajani. Akala polepole. Akasali rozari nzima. Kwa mara ya kwanza tangu Mbonimpa aje, machozi yalitoka bila kumuumiza.

Wiki iliyofuata zamu ya jumuiya kukutana ilikuwa nyumbani kwake. Walikuja wengi, bado wana harufu ya safari. Jovitha hakuja. Alikuwa ametuma salamu kwamba miguu imevimba, na Nyirabahire, aliyemjua Jovitha, akajiuliza ni miguu ya namna gani inayoweza kumzuia asije mahali penye watu na maneno. Walisali, wakasoma Injili, kisha Katekista Methodius akasema wenye ushuhuda wa hija watoe.

Ma Adelgunda akasimama. Alikuwa msimulizi hodari, na watu walisogeza vigoda.

"Tumetembea, ndugu zangu! Lile jua! Tulipofika chemchemini watu walikuwa hoi, wananawa nyuso, wanalia kwa furaha. Nikawaambia jipeni moyo, mbele kidogo kuna mahali pa kupumzika. Tukapita pale pembamba tumeshikana mikono, upepo unatuvua vilemba. Halafu kona! Nisiseme. Ziwa lote hilo hapo. Kulikuwa na marundo ya mawe mazuri ya kukalia, tukakaa, tukafungua entanda ya Mama Leonidas. Mama Leonidas, mikono yako ibarikiwe! Watu walilamba majani. Na moja lilizidi, lile lenye kitambaa, Kokushubira akalifungua akasema dada, hili lina karanga tupu! Amekula mawili, mtoto yule, hana haya!"

Watu wakacheka. Nyirabahire alikuwa ameshika birika la chai. Akaliweka chini taratibu.

"Kwenye hayo mawe," akauliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeuliza bei ya chumvi, "palikuwa na chuma cha jembe?"

"Ehee, kulikuwa na chuma kimoja kimeoza, kilikuwa juu pale Kokushubira alipotaka kukaa. Nguo nyeupe, kutu... Akakitupa ziwani. Tuliangalia kinavyoshuka, mpaka tukasikia..."

Hapo ndipo aliposikia mwenyewe anachosema. Mkono ule uliojigonga kifuani dukani ukapanda tena kifuani, na safari hii haukugonga.

Wasiojua walitazamana, waliojua waliinama. Katekista Methodius alifungua kitabu cha nyimbo, akakifunga.

"Mama Leonidas," Ma Adelgunda akasema. "Jamani. Ule uchovu... Nilikuwa nimepanga kabisa. Nilipoliona ziwa la kwetu, akili ikahama. Jovitha alikuwa nyuma sana na wagonjwa wa miguu, angenikumbusha. Alipofika tulikuwa tumeshainuka."

"Mlisali pale?"

"Tulisali kabla ya kula."

"Mlisali sala ya chakula."

"Ndiyo, sala ya chakula."

Nyirabahire akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata hesabu yake sawasawa. Alikuwa anaiona kona ile kama alivyoiona siku zote, mwamba, upepo, maji. Ila sasa alipotafuta mahali pa kupiga magoti, aliona rundo, na rundo, na rundo jingine, yote ya mawe yaleyale, na Mbonimpa alikuwa ameshakufa kwa homa mwaka juzi.

"Mwakani tunarudi," Ma Adelgunda akasema haraka. "Utakwenda, Mama Leonidas. Utakaa mbele na dereva. Hakuna mtu atakayekugusa nafasi yako."

"Hapana."

Ma Adelgunda akakumbuka adabu ya watu hawa, akasogea, akainama kidogo na magoti, yeye mke wa Egbert, mbele ya watu.

"Nakuuliza tena, waitu. Nakuomba."

"Siku ile kule kigangoni lilikuwa hapana la adabu," Nyirabahire akajibu. "Ulilijua, ukalichukua. Hili la leo ni hapana lenyewe. Niende kumtafuta chini ya mawe yapi? Kunyweni chai, inapoa."

Wakanywa. Hakuna aliyejua namna ya kuondoka.

Siku zilizofuata majirani walimwona anabeba mawe kutoka mtoni, kwa ungo, juu ya kichwa. Jovitha alikuja, macho yamevimba kuliko miguu, akaanza kusema hakuona, angejua angepigana. Nyirabahire akamwambia, "Beba hilo kubwa." Wakabeba pamoja bila utani hata mmoja. Mahali alipochagua palikuwa chini ya migomba, karibu na mlango, mahali ambapo mume angezikwa kama angefia kwake. Walipanga rundo likafika magotini. Juu yake akausimamisha mpini wa jembe, akaukaza kwa mawe madogo. Katekista Methodius akaitwa, akasali sala ya marehemu yote, toka mwanzo mpaka mwisho, kisha akabaki amesimama kama mtoto aliyesahau kuaga.

Kaburi lisilo na mtu. Nyirabahire hakujidanganya. Alilimwagia maji ya baraka na alijua kwamba chini yake kuna udongo wa Nkwenda tu na mizizi ya migomba. Baadhi ya siku aliliona kama kichekesho. Aliposali rozari alifika kwenye "utusamehe makosa yetu kama tunavyowasamehe," akasimama hapo, akarudi nyuma, akaanza upya Baba Yetu, na mara nyingine chakula kiliungua jikoni akiwa bado hajapita neno lile.

Zamu ya jumuiya ilipozunguka ikarudi kwake, Ma Adelgunda alikuwa wa kwanza kufika, na kilo ya sukari katika mfuko wa karatasi. Sukari ilikuwa adimu mwaka ule. Aliiweka kizingitini. Ilikuwa mchana, jua kali, vigoda vilikuwa bado ndani, na yeye ni mtu mnene. Akatazama huku na huku, akaona kivuli cha migomba na mawe yaliyopangwa vizuri, akaanza kukusanya kitenge chake ashuke.

"Ma Adelgunda," Nyirabahire akamwita kutoka mlangoni, kwa upole kabisa. "Hapo hapakaliwi. Nikuletee kigoda?"

Yule mama akaangalia chini, akaona mpini. Akanyanyuka, akasema, "Usisumbuke." Akabaki amesimama juani mpaka wenzake walipofika, na hakuulizwa kigoda mara ya pili.